Udi wa Harusi ya Nasra

Mama mdogo Zuhura,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu imenitoka moyoni. Wewe ni mdogo wake wa tumbo moja, na kwetu Temeke mtoto hamnyimi mkubwa shikamoo hata kama mkubwa huyo kamkosea. Ukishaipokea, kaa chini usome, maana leo nina mengi na sitayapunguza makali.

Najua hutapenda kuyaona haya kwenye grupu la ukoo, mbele ya wajomba, mashangazi na watoto wao wote. Ungetaka nikupigie pembeni. Nilishakupigia pembeni mama akiwa hai, na jibu ulilonipa nitalieleza hapo mbele. Halafu wiki iliyopita, ukiwa huko Muscat unakoishi na wanao, ukarekodi sauti ukaituma humu humu: kwamba udi niliokuletea kwa mkono wa binti yako Nasra hauna harufu hata chembe, kwamba nimekutumia kuni zilizopakwa sukari, na kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Basi nami najibu palepale uliposemea. La udi wako nitalifikia mwisho, usiwe na haraka.

Kwanza tukumbushane, maana naona umesahau.

Siku za kupika udi ulikuwa unafika kwetu asubuhi kutoka Kinondoni, unavua buibui, unajifunga kanga kiunoni na kuingia uani bila hata kunywa chai. Sufuria ya sukari ilikuwa tayari jikoni juu ya mkaa. Wewe ulishika mwiko, mama alishika pua. Mimi nilikuwa natwanga sandali kwenye kinu, nikichelewa unanirushia kokoto. Mama aliweza kuwa chumbani anakunja nguo, huku hata sufuria haioni, na mara akapaza sauti, "Zuhura, epua!" Unaepua, na kweli sukari imefika pale inapotakiwa, ingengoja kidogo tu ingekuwa chungu. Ndipo mnatia marashi, miski na vipande vya udi, mnamimina kwenye sinia.

"Sukari haiangaliwi, inanuswa," alikuwa anasema. "Macho yanachelewa."

Nawe hukuacha kumtania. "Pua hii tuipeleke forodhani, magendo yote yatakamatwa." Mama akicheka alikuwa anacheka mwili mzima, mpaka anakaa chini na kujifuta machozi kwa pindo la kanga. Nataka uukumbuke uso wake siku zile, mama mdogo. Utauhitaji tukifika mbele.

Na mimi ulikuwa unanisuka hapohapo uani wakati udi unapoa. Ulinibana kichwa katikati ya magoti yako, unanipaka mafuta ya nazi, unaniambia kwamba siku yangu ikifika utanifukiza mwenyewe kwa udi wa dada yako, kuanzia nguo mpaka nywele. Nilikupenda sana. Nalisema hili wazi kwa sababu hasira yangu imetokea hapo. Mtu baki asingeweza kuniumiza kiasi hiki.

Kisha ikaja harusi ya Nasra. Mama alikuwa ameupika udi wake kichwani tangu siku ya posa. Alinunua vipande vizuri kuliko vyote alivyowahi kununua, akachagua miski mwenyewe, akakataa mtu yeyote asimsaidie. Wewe ulikuwa na mambo yako ya kushughulikia, wageni, kumbi, wapishi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza alisimama jikoni peke yake, mwiko wake na pua yake. Mimi nilirudi kutoka kazini nikakuta umeshafungwa kwenye kopo. Akaniambia umetoka vizuri, na mimi sikuwa na sababu ya kulifungua.

Lilifunguliwa chumbani kwa bibi harusi, Nasra akiwa amekaa mkekani na hina yake. Chetezo kilipopata moto, moshi ulipanda mweusi. Sukari iliyoungua, mama mdogo, naikumbuka kama wewe unavyoikumbuka. Ilikamata koo. Ikaingia kwenye nywele za Nasra na kwenye nguo zake za kukalia kiti cha bibi harusi. Mama wa bwana harusi akavuta mtandio akaziba pua, na wale dada zake wakatazamana. Na katikati ya yote hayo mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya chetezo, ametulia, uso mkavu, anapeperusha moshi kwa mkono wake umfikie bibi harusi.

Ulimwinamia. Nilikuwa nyuma yenu na nilisikia kila neno.

"Dada, umemuunguzia mwanangu udi?"

"Kwani vipi?" mama akasema. "Mbona unanukia kama siku zote."

"Unanukia? Watu wanakohoa. Na hata kucheka umeshindwa leo? Umekaa umemnunia mwanangu siku yake."

"Sijanuna, Zuhura."

"Basi husda hii ulikuwa umeificha wapi?"

Ukanyanyuka. Na kwa vile ulisema kwa sauti, wanawake wote waliokuwa chumbani wakaondoka na neno moja: husda. Mwanamke mwenye pua ile, ambaye sukari hajawahi kuiunguza, kaiunguza siku ya mtoto wa mdogo wake, kisha kakaa na uso wa kilio. Aliyetaka ushahidi alikuwa na vitu viwili, udi na uso. Sikulaumu kwa kuviona, hata mimi niliviona. Nakulaumu kwa jinsi ulivyovisoma upesi, wakati ulikuwa na maisha yote ya dada yako ya kulinganisha navyo.

Ndoa ya Nasra ilipovunjika ukasema ilifukizwa husda tangu mkekani. Nasra mwenyewe ameshakueleza mara kadhaa kwamba bwana yule alikuwa na mke mwingine Tanga na hakuona haja ya kumwambia. Hukutaka kusikia la Tanga. Ukamwachia mama mzigo, na Kinondoni ikabeba, Magomeni ikabeba, mpaka Temeke kwenyewe. Unajua kwetu jambo hili lilivyo. Udi wa harusi haupikwi na mtu mwenye jicho la husda. Basi waliokuwa wakimpikisha udi wa mabibi harusi wao wakaacha kuja. Wakimpita barazani wanampa salamu fupi, wanakaza mwendo. Mama akabaki na sufuria zake zimegeuzwa kifudifudi uani.

Sasa ngoja nikwambie yaliyofuata, kwa sababu hukuwepo, ulikuwa umeshahamia Muscat.

Alianza kuota kwa nguvu. Anapiga mateke usingizini, anapiga kelele, siku moja akaangusha kioo cha meza. Majirani wakasema majini, na baada ya habari yako ya harusini haikuwa kazi ngumu kuamini kwamba mwenye husda huandamwa. Akaandikiwa kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, akalinywa kwa adabu mpaka likaisha. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kusugua kidole cha shahada, polepole, bila kukoma, kama mtu anayevuta tasbihi. Hapo angalau watu walisema jambo jema. "Bi Saada siku hizi hapumziki kumtaja Mungu." Mimi nilikuwa nachukua mkono ule naufunga ndani ya wangu, na ndani mle naona bado kinasugua. Hakuwa anavuta tasbihi, mama mdogo. Alikuwa hawezi kukizuia.

Hatua zikawa fupi. Sauti ikashuka. Nikampeleka kliniki ya mjini ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na huko tukampata Dokta Neema, msichana wa bara mwenye msalaba mdogo shingoni, ambaye kabla ya kugusa faili alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo mama." Alimtembeza, akamwambia agonge vidole, akamkunja kiwiko na kukikunjua. Akasema ni Parkinson. Akaandika vidonge. Kisha akatueleza kwamba yeye na wenzake wanafanya utafiti, wanatafuta viashiria vya ugonjwa huu, maana yake alama ambazo mwili unazitoa mapema, kwenye damu, kwenye maji ya uti wa mgongo, kwenye ngozi, hata kwenye pua. Aliuliza kama mama angependa kushiriki, na akasema mara mbili kwamba akikataa vidonge vyake atapewa vilevile.

Unajua inavyosemwa mitaani kuhusu maji ya mgongo. Kwamba ukitolewa hunyanyuki tena. Nilitaka kukataa kwa niaba yake. Yeye akasema kwa kile kisauti chake kilichobaki, "Chukueni. Wengine walinichukulia jina, nyie chukueni maji tu."

Dokta hakuelewa. Mimi nilielewa.

Siku ya vipimo walianza na pua. Dokta Neema alituonyesha sanduku la karatasi za kunusia lililoletwa kutoka nje, akalicheka mwenyewe. "Humu mna harufu za matunda na miti ya Ulaya. Nilimpima nalo mama mmoja wa Mbagala akakosa karibu zote, nikasema huyu pua imekufa. Kumbe vitu vyenyewe hajawahi kuviona." Kwa hiyo walikuwa wametengeneza vichupa vyao: karafuu, iliki, kahawa, limau, asumini, mafuta ya taa. Mama akasogea mbele kitini. Nilimwona anavyojiweka sawa, mama mdogo. Baada ya kugongeshwa vidole kama mtoto, hatimaye anapewa mtihani wake.

Kichupa cha kwanza akanusa, akafikiri. "Sabuni?"

"Jaribu tena mama, taratibu."

"Maji."

Cha pili, cha tatu. Cha nne akakishika muda mrefu chini ya pua, kidole kikisugua kioo, kisha akakirudisha mezani. "Mwanangu, chupa zenu tupu."

Nilikichukua nikanusa. Karafuu ilinipanda mpaka machoni.

Dokta aliuliza pua imeondoka tangu lini. Mama akasema pua yake nzima, juzi tu kapika pilau, na lilinukia nyumba nzima. Ndipo Dokta Neema akatueleza kwa upole kwamba harufu ikipotea kidogo kidogo mwenyewe huwa hajui, kwa sababu ubongo unakumbuka harufu ya pilau na unamjazia. Akasema kwa wagonjwa wengi wa Parkinson pua hutangulia, miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka. Na zile ndoto za mateke nazo hutangulia. Nikakumbuka alivyokujibu pale mkekani, "Mbona unanukia kama siku zote." Hakuwa anadanganya. Alikuwa ananusa udi wa miaka yote iliyopita.

Hayo maji ya mgongo nayo alitueleza, na kwa jinsi alivyoeleza hata wewe ungeelewa. Ndani ya ubongo kuna protini ambayo kila mtu anayo. Kwa mgonjwa inajikunja vibaya, kisha inawafundisha wenzake wajikunje vilevile. "Mama anajua mtindi," akasema. "Unatia kijiko cha mtindi wa jana kwenye maziwa mapya, asubuhi yote yameganda. Sisi tunafanya hivyo maabara. Tunatia tone la maji ya mgongo kwenye protini nzima, tunasubiri. Ikiganda, tunajua ile mbovu ilikuwemo." Akasema kipimo hiki bado ni cha utafiti, hakitampa mama dawa mpya. Mimi nikafikiri jinsi neno lako lilivyotiwa kwenye ukoo huu, kijiko kimoja tu, na maziwa yote yakaganda.

Tulidhani tumemaliza. Mama akauliza, "Na uso, dokta?"

"Uso umefanyaje, mama?"

"Uso nao ni ugonjwa?"

Dokta akavuta kiti chake karibu. Akasema ndiyo, misuli ya uso inakuwa mizito, haifuati moyo, na hilo nalo linaweza kuanza mapema sana. Ndugu wengi hudhani mgonjwa kanuna au ana huzuni.

"Kwa hiyo mtu anaweza kufurahi na uso usiseme?"

"Anaweza, mama. Inatokea sana."

Machozi yakaanza kumtoka mama. Hujawahi kuona kilio kile, na namshukuru Mungu kwamba hukukiona, ungekisoma vibaya. Hakuna kilichosogea usoni, si mdomo wala nyusi. Maji tu yanashuka kwenye uso uliotulia. Akageuza kichwa kwangu.

"Mwambie Zuhura nilikuwa nacheka."

Hakusema mwambie sikumhusudu. Hakusema mwambie aniombe radhi. Alitaka ujue kwamba pale kwenye kigoda, siku ya Nasra, alikuwa anacheka.

Jioni ile ile nilikupigia. Nilikueleza yote, pua, uso, ndoto, vichupa. Ulinisikiliza mpaka mwisho, hilo nakupa haki yako. Kisha ukasema, "Siku hizi kila mchawi ana ugonjwa wake wa hospitali," ukakata.

Mama alikuwa kitandani anangoja. "Zuhura kasemaje?" Nikamwambia umesema utapiga. Akauliza kesho yake, na kesho kutwa, na kila simu iliyolia mle ndani aligeuza shingo. Mimi mtoto wa Bi Saada, niliyefundishwa kutosema uongo hata kwa mchezo, ulinigeuza kuwa mwongo mbele ya mgonjwa. Mtandao mbaya Muscat. Zuhura anaumwa koo. Zuhura kasafiri. Nadhani mwisho alijua, kwa sababu aliacha kuuliza.

Alikufa kwa nimonia, chakula kilikuwa kimeanza kumpalia. Nasra alikuja kuzika. Wewe ulituma humu kwenye grupu picha ya mikono miwili inayoomba dua, na nusu saa baadaye ukatuma tangazo la kuuza mashuka. Nimeihifadhi ile picha. Sijui kwa nini.

Usidhani nimewapenda sana hao watafiti pia. Dokta Neema alipokuja kutoa pole alisema sampuli za mama zimehifadhiwa kwenye friji na zitasaidia kuufanya ugonjwa ujulikane mapema. Nikamuuliza ukishajulikana mapema mnafanyaje. Akaniangalia, akasema, "Vidonge vinatuliza dalili tu, dada. Cha kuuzuia bado tunakitafuta." Nilimheshimu kwa ukweli wake na nikamchukia siku nzima. Kwa hiyo maji ya mgongo wa mama yangu yako salama kwenye baridi, yanasubiri kumfaa mtu mwingine, na yeye mwenyewe hayakumfaa. Lakini nimelifikiria sana neno hilo, mapema. Mama lingemfaa hata bila dawa. Kama tungejua mapema lingemwokolea jina lake, na dada yake.

Sasa tuje kwenye udi wako.

Mwaka ule wa mwisho, vidonge vikimpa nafuu ya saa chache, mama alinifundisha kupika. Aliketi kwenye kigoda kilekile, mimi jikoni. Yeye hakuwa na pua na mimi sikuwa na ujuzi, tukaunganisha. "Nusa. Unaniambia nini?" Namwambia inanuka kama maandazi. "Bado." Namwambia sasa inanuka kama korosho zinazokaangwa. "Karibu." Namwambia imeanza kukwaruza puani. "Epua, epua!" Niliunguza mara nyingi, na kila nilipounguza alisema, "Na mie niliunguza," kisha kile kisauti kinatoka kifuani, hm, hm, hm. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba kile ndicho kicheko.

Nasra alipokuja likizo mwaka huu tulipika naye. Vipande vilivyobaki kwenye kabati la mama, miski yake, sinia yake. Ulitoka vizuri mpaka mpangaji wetu wa mbele, mtu wa Kigoma ambaye hajawahi kujali udi, akaja kuuliza kuna harusi gani. Nilitaka kukunyima. Nasra ndiye aliyesema nikupelekee, kwamba labda ukiunusa utamkumbuka dada yako. Nikaufunga kwenye kopo, nikampa.

Kisha ikaja sauti yako. Kuni zilizopakwa sukari. Mtoto wa nyoka.

Mama mdogo, nilikuandikia jibu siku ileile, na lilikuwa na kila tusi ninalolijua na mengine niliyoyaazima sokoni Tandale. Kabla sijalituma Nasra akanipigia, analia.

"Dada usimjibu mama, nakuomba. Wallahi udi unanukia. Kwenye ndege jirani yangu kaniuliza nimebeba nini. Hapa nimeuchoma, mke wa jirani kaja mlangoni kuuliza tumenunua wapi. Mama ndo kasema hauna kitu. Mie sijui ana nini. Juzi maziwa yameungulia jikoni, yeye kakaa palepale mezani, mpaka mie nikatoka chumbani mbio."

Nikamuuliza mengine unaendeleaje. Akasema uko salama, ila siku hizi umenuna. Anakuletea wajukuu, unawatazama tu. Anadhani unamchukia kwa kuja kumzika mama yangu. "Nimemkosea nini, dada? Hata kunichekea hataki."

Lile jibu langu bado lilikuwa kwenye skrini, limebaki kubonyezwa tu. Nikalifuta.

Sikiliza vizuri sasa, na unisikilize kwa hasira yangu yote, maana haijaisha. Mimi si daktari. Nilimpigia Dokta Neema, akasema pua inaweza kupotea kwa mafua, kwa umri, kwa mambo chungu nzima, na wengi wanaopoteza pua hawapati ugonjwa huu. Akasema pia dada wa mgonjwa asipuuze. Nenda ukapimwe. Huko uliko kuna hospitali. Mwambie Nasra akufunge macho kwa mtandio, akupe iliki, akupe karafuu, akupe limau, na usimkasirikie ukikosa. Waeleze madaktari habari za dada yako zote, hata zile ulizokataa kuzisikia.

Na ndiyo maana nimeiweka barua hii hapa mbele ya ukoo mzima. Nilipoianza nilitaka wakuone. Sasa nataka wasome kabla hawajaanza kukusema. Wajomba, mashangazi, na nyie wote mliocheka: mkimwona Zuhura amekaa harusini na uso mkavu, mtu asiseme kanuna. Akiunguza chakula cha harusi, mtu asiseme jicho. Atakayelitamka neno lile juu yake atakutana na mimi, binti wa Saada, na mimi sina upole wa mama.

Radhi yake siwezi kukupa, aliondoka nayo, na yangu haijawa tayari. Lakini leo wajukuu wakirudi shule, ukijisikia furaha kuwaona, usiuachie uso kazi hiyo. Waambie kwa mdomo. Mwite na Nasra akae karibu, mshike mkono, mwambie, "Mwanangu, hapa nilipo nacheka." Mama alichelewa kulisema.

Kwaheri, mama mdogo. Kopo la udi usilitupe, ni udi wa dada yako, umepikwa kwa maneno yake na pua yangu.

Ni mimi, mtoto wa Saada, uliyekuwa ukinisuka uani.